Mbwa akikukabili usikimbie, akikuuma kimbilia maji

Na MWANDISHI WETU

SAA kumi na moja alfajiri mjini Voi, wanaoonekana barabarani ni wachuuzi wanaowahi soko, abiria wanaotafuta matatu za Mombasa na Mwatate, walinzi wanaotoka zamu, na mbwa. Mbwa hao hutembea wawili watatu kutoka jalala moja hadi jingine, na wengi wao humpisha mtu apite zake. Lakini yuko yule mmoja anayesimama katikati ya njia, akainamisha kichwa na kuanza kunguruma.

Utafanya nini?

Watu wengi hukimbia, na hilo ndilo kosa la kwanza. Huwezi kumshinda mbwa kwa mbio, na kitu chochote kinachomkimbia humwamshia hamu ya kuwinda, hata kama hapo awali hakuwa na nia ya kumdhuru mtu. Kosa la pili, ambalo ni baya zaidi, hufanywa baada ya kuumwa. Mtu hutazama jeraha, akaliona dogo, akalifunga kitambaa na kuendelea na shughuli zake. Jeraha hilo dogo linaweza kumuua miezi miwili au mitatu baadaye, wakati yeye mwenyewe amekwisha kumsahau mbwa.

Ugonjwa wenyewe ni kichaa cha mbwa. Huletwa na virusi vilivyomo kwenye mate ya mnyama mgonjwa. Virusi hivyo huingia mwilini kupitia jeraha, hata mkwaruzo tu, kisha hupanda polepole kwa kufuata mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Dalili zikishaanza, yaani homa, kuwashwa au kufa ganzi mahali palipoumwa, kuhangaika, kushtushwa na upepo na kuogopa maji, hakuna daktari anayeweza kuahidi lolote. Karibu kila anayefikia hatua hiyo hufa.

Hata hivyo, huu ni mmoja wa magonjwa machache sana ambayo mtu akishaambukizwa bado ana nafasi ya kukinga asiugue. Safari ya virusi hadi ubongoni kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu, ingawa inaweza kuwa wiki moja tu au hata mwaka. Chanjo ikiingia mwilini mapema, huwahi kujenga kinga kabla virusi havijafika.

Simba wa Tsavo na mbwa wa jalalani

Kaunti ya Taita Taveta inajulikana kwa wanyama. Mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi zimechukua takriban asilimia 62 ya eneo lake, na mgeni akishuka Voi hakosi kuuliza habari za wale simba wawili waliokula wajenzi wa daraja la reli mwaka 1898.

J. H. Patterson, Mwingereza aliyewapiga risasi, alidai baadaye kwamba waliua watu 135. Wanasayansi waliopima mabaki ya simba hao walikadiria mwaka 2009 kuwa walikula watu wapatao 35. Hollywood ikawatengenezea filamu mwaka 1996.

Sasa linganisha. Mkakati wa kitaifa wa kutokomeza kichaa cha mbwa, uliozinduliwa mwaka 2014, ulikadiria kwamba ugonjwa huo huua hadi watu 2,000 nchini Kenya kila mwaka. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria vifo 59,000 kwa mwaka duniani kote, vingi vikiwa Afrika na Asia, na karibu vyote hutokana na mbwa. Lakini mbwa wa jalalani hana filamu, na labda ndiyo maana hatumhofu inavyostahili.

Tena si yule wa jalalani peke yake. Mara nyingi anayeuma ni mbwa anayejulikana: wa nyumbani, wa jirani, wa duka la pembeni. Hata wale tunaowaona wakizurura mitaani, wengi wao wana wenyewe. Asubuhi hufunguliwa lango wakajitafutie chakula, na jioni hurudi kulinda. Katika vijiji vinavyopakana na mbuga, ambako ndovu huingia mashambani usiku na fisi hunyemelea zizi la mbuzi, mbwa ni kengele ya nyumba. Kwa hivyo ushauri wa kusema waondolewe wote hauna maana. Cha muhimu ni kujua kuishi nao.

Soma mwili wake

Mbwa hutoa habari kabla ya kuuma. Mwili hukaza, nywele za mgongoni husimama, midomo hukunjuka na meno kuonekana, macho yakakutumbulia bila kupepesa. Huyo ana hasira. Mwenye woga naye hufyata mkia, hulaza masikio, hujilamba midomo na kugeuza kichwa huku jicho likionyesha weupe wake. Watu humdharau huyu wa pili kwa kudhani ni mnyonge. Mbwa mwenye woga aliyebanwa kwenye kona huuma haraka kuliko mwenye hasira.

Tena kutikisa mkia si urafiki kila mara. Mkia uliosimama wima, unaotikisika kwa ukakamavu, ni onyo.

Akikujia, simama. Geuka kidogo umpe ubavu, usimkabili kifua kwa kifua, wala usimkazie macho. Mikono iache iwe karibu na mwili. Kuitupa tupa ni kumwalika airukie. Usipige mayowe. Sema naye kwa sauti nzito ya chini, "Toka!" au "Nyumbani!", kwa kuwa mbwa wengi wamezoea kuamriwa. Akisita, anza kurudi nyuma kidogo kidogo huku ukimwona kwa pembe ya jicho. Usimgeuzie mgongo mpaka umbali uwe wa kutosha.

Ikiwa una mkoba, mwavuli, kapu au koti, kiweke kati yako na yeye. Akiuma koti, mwachie koti. Mwenye baiskeli asijaribu kushindana naye kwenye mteremko. Apunguze mwendo, ashuke, baiskeli iwe ukuta wake. Wanabodaboda wengi hurusha mguu kumpiga teke huku pikipiki ikienda, na matokeo yake ni kwamba wengine huvunjwa na lami badala ya kuumwa na mbwa.

Vipi kuhusu ule ujanja wa zamani wa kuinama kana kwamba unaokota jiwe? Kwa mbwa koko aliyekulia mitaani, ujanja huo mara nyingi hufaulu, kwani mawe anayafahamu. Kwa mbwa mkubwa wa ulinzi aliyefunzwa kushambulia, kuinama ni kumletea uso wako karibu na meno yake. Tumia akili kulingana na mbwa aliye mbele yako.

Wakiwa kundi, hatari ni kuzungukwa. Tafuta ukuta, ua au gari, uegemeze mgongo hapo. Na akikuangusha, jikunje kama mpira, kidevu kifuani, vidole vifungane nyuma ya shingo na mikono izibe masikio. Shingo na uso ndivyo vya kulindwa kwanza. Akishakuuma na kung'ang'ania, usiuvute mkono au mguu kwa nguvu, maana nyama itachanika zaidi.

Kuhusu malango yetu, kibao cha "Mbwa Kali" kimewaudhi walimu wa Kiswahili kwa miaka mingi, lakini ujumbe wake ni sahihi. Piga hodi, tikisa lango, ungoje mwenyeji aje mwenyewe. Wanaosoma mita, wanaopeleka mizigo na wageni wa harusi wengi huumwa kwa sababu walikuta lango liko wazi wakaingia.

Mtoto anayenyamaza

Kati ya watu wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, WHO inasema asilimia 40 ni watoto wa chini ya miaka 15. Mtoto hucheza na mbwa, humvuta mkia, humnyang'anya mfupa, humsogelea akiwa na vitoto vyake. Aidha, kwa kimo chake, uso wake uko sawa na mdomo wa mbwa. Jeraha la usoni au kichwani ni la hatari zaidi, kwa sababu virusi havina safari ndefu.

Wafundishe watoto mambo haya kabla shule hazijafunguliwa: mbwa anayekula, anayelala au anayenyonyesha haguswi, mbwa aliyefungwa mnyororo hachokozwi, mbwa wa mtu hashikwi bila ruhusa ya mwenyewe, mbwa akija mbio, simama kama mti.

Lakini kuna jambo moja ambalo ni la wazazi wenyewe. Mtoto aliyeumwa akimchokoza mbwa wa jirani, au akipita njia aliyokatazwa, anajua kinachomngoja nyumbani. Basi hunyamaza. Hushusha suruali ifunike jeraha, siku zikapita, kidonda kikapona, na mama hajui lolote. Mkwaruzo uliofichwa kwa kuogopa kiboko hauachi ushahidi hadi siku dalili zinapotokea.

Mwambie mwanao leo, kabla hajaumwa, kwamba akiumwa, akikwaruzwa au akilambwa kwenye kidonda na mbwa yeyote, pamoja na mbwa wenu, aseme siku hiyo hiyo na hatapigwa. Kisha utimize ahadi hiyo. Wakati wa kumuogesha mdogo, tazama miguu na mikono, na uulize alama usiyoielewa imetoka wapi.

Dakika kumi na tano

Mtu akishaumwa, hatua ya kwanza haiko hospitalini. Iko bombani. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15 kamili. Si maji ya kumwagia mara moja tu. Tazama saa. Sabuni ya kufulia inatosha, na maji ya mtungi yakimiminwa kwa kikombe yanatosha pale ambapo bomba limekauka, jambo ambalo wakazi wa Voi hawahitaji kuelezwa. Sabuni huviharibu virusi na maji huviondoa vikiwa bado juu ya nyama. Baada ya hapo paka ayodini au spiriti kama ipo.

Usipake mafuta ya taa, pilipili, majivu, majani yaliyosagwa wala nywele za mbwa aliyekuuma. Wapo wanaoyaamini haya mpaka leo. Hayaui virusi, bali huchubua jeraha na kumpotezea mgonjwa muda. Jeraha lisifungwe kwa nguvu, na haifai lishonwe mara moja isipokuwa daktari ameona hakuna budi.

Halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mjini Voi iko hospitali ya rufaa ya kaunti, Moi. Milimani kuna Wesu, karibu na Wundanyi. Na upande wa mpakani kuna hospitali ya Taveta. Kwa mtu wa Kasigau au Maktau safari ni ndefu na nauli si haba. Kwa hivyo ni busara jamaa mmoja apige simu kuuliza iwapo chanjo ipo, wakati mwingine anamwosha mgonjwa. Ukifika kituo kidogo ukaambiwa haipo, uliza ilipo na uendelee na safari. Usirudi nyumbani kuisubiri.

Wahudumu wataliangalia jeraha. Ikiwa mnyama amekulamba tu mahali ambapo ngozi ni nzima, huhitaji sindano. Mkwaruzo usiotoa damu huhitaji chanjo. Jeraha linalotoka damu, au mate yaliyoingia machoni, mdomoni au kwenye kidonda, huhitaji chanjo pamoja na dawa nyingine iitwayo imunoglobulini, ambayo ni kinga iliyotengenezwa tayari na hudungwa ndani na kandokando ya jeraha lenyewe. Dawa hii ni ghali na haipatikani kila mahali. Ikikosekana, chanjo isicheleweshwe kwa ajili yake. Uliza pia kuhusu sindano ya pepopunda.

Wazee wanakumbuka sindano 14 hadi 21 za tumboni, na hofu hiyo bado inawafukuza watu hospitalini. Sindano hizo zilikuwa za chanjo ya zamani, na WHO imekwisha kushauri isitumike tena. Chanjo ya siku hizi hudungwa begani, au pajani kwa mtoto mdogo. Ratiba iliyozoeleka nchini ni ya sindano tano: siku ya kwanza kuhudhuria, kisha siku ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28 baada ya hapo. Mwaka 2018 WHO ilikubali pia ratiba fupi zaidi, mojawapo ikiwa ya wiki moja kwa sindano ndogo za ndani ya ngozi. Fuata ile uliyoandikiwa, hadi mwisho.

Hapo ndipo wengi hukwama. Sindano ya kwanza hudungwa mtu akiwa bado anatetemeka. Ifikapo ya tatu au ya nne, kidonda kimefunga, maumivu yamekwisha, fedha zinahitajika kwa unga, na siku ya kurudi ni siku ya kazi. Kinga haijengeki kwa nusu ratiba. Mama mjamzito na mtoto mchanga nao hudungwa, kwani chanjo hii haiwadhuru.

Usimponde kichwa

Mbwa akishauma mtu, kijiji hutoka na mawe na marungu. Hasira hiyo inaeleweka, lakini inamnyima daktari habari muhimu. Mbwa mzima akiweza kufungiwa mahali salama na kuangaliwa kwa siku 10, akamaliza siku hizo akiwa hai na mwenye afya, basi mate yake hayakuwa na virusi siku alipouma, na daktari anaweza kuzikatisha sindano zilizobaki. Akifa au akibadilika tabia, ofisi ya mifugo ipewe habari haraka. Kichwa chake ndicho kinachopimwa katika maabara za mifugo, kama zile za Kabete na Mariakani, na ubongo uliopondwa kwa jiwe hupimika kwa shida. Wakati wote huo mgonjwa aendelee na sindano. Zisingoje majibu ya maabara.

Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365, inamtaka aliye na mnyama anayeshukiwa atoe taarifa. Kumficha mbwa kwa jamaa wa kijiji cha pili ili kukwepa lawama ni kuhamisha ugonjwa.

Na si kila mbwa mgonjwa hukimbia huku na huku akitoka mapovu. Wapo wanaopooza. Hujificha gizani, taya likalegea, mate yakachuruzika, wakashindwa kumeza. Mwenye mbwa hudhani amekwamwa na mfupa, akaingiza mkono mdomoni kuutoa. Wafugaji nao huingiza mkono kwenye koo la ng'ombe anayetoa mate kwa kudhani amekabwa na kiazi. Ng'ombe aliyeumwa na mbwa au bweha huweza kuwa na ugonjwa huo huo. Mwite daktari wa mifugo, mkono wako uache nje.

Kwa kuwa tunapakana na mbuga, tuongeze hili: bweha au fisi anayeingia mjini mchana, asiyeogopa watu, asisogelewe wala kuzungukwa na watoto wenye simu za kupiga picha. Wajulishwe maafisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Aliyeumwa na mnyama wa porini ahesabiwe sawa na aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, na hakuna siku 10 za kungoja.

Pemba waliweza

Yote tuliyosema hadi hapa ni ya kumwokoa mtu mmoja. Kuuzima ugonjwa wenyewe ni kazi ya kumchanja mbwa, na wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea.

Hili si jambo la vitabuni. Ndugu zetu wa kisiwa cha Pemba walianza kampeni za chanjo ya mbwa mwaka 2010, na kufikia 2014 ugonjwa ulikuwa umetoweka kisiwani. Chanjo ikalegea, nao ukarudi mwaka 2016. Wakachanja tena kwa bidii, na mwaka 2018 wakaukomesha mara ya pili. Pemba ni kisiwa, ni kweli. Sisi tuna barabara kuu ya Mombasa, mpaka wa Tanzania pale Taveta na mbuga pande zote, na mbwa hawaulizwi pasipoti. Lakini sababu hizo zinadai chanjo zaidi.

Chini ya Katiba ya 2010, huduma za mifugo na utoaji wa leseni za mbwa ni jukumu la kaunti. Mkazi ana haki ya kuuliza diwani wake ni lini mara ya mwisho mbwa wa wadi yake walichanjwa, na ni nani anayezoa taka za soko na za kichinjio zinazowalisha mbwa wanaozurura.

Mwenye mbwa anayo sehemu yake. Mbwa huchanjwa akiwa na umri wa miezi mitatu, kisha kila mwaka. Alishwe nyumbani ili asiwe na sababu ya kwenda jalalani. Anayefungwa mnyororo mfupi usiku na mchana huwa mkali kwa kila mtu, pamoja na watoto wa nyumba hiyo. Kuhasiwa hupunguza uzururaji wa madume na makundi yanayofuata jike wakati wa joto, makundi ambayo humwogopesha hata mwanamume mzima.

Siku ya kichaa cha mbwa duniani huadhimishwa kila tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, miaka kumi baada ya kumdunga mtoto Joseph Meister chanjo ya kwanza ya ugonjwa huu. Siku za karibu na tarehe hiyo huwa na kampeni za chanjo sehemu nyingi, lakini si lazima uingoje. Ulizia ofisi ya mifugo iliyo karibu nawe. Siku ya kwenda, mfunge mbwa kamba imara, aongozwe na mtu mzima anayemtambua, na cheti atakachopewa kihifadhiwe pamoja na kadi za kliniki za watoto. Mtu akiumwa usiku, hicho ndicho karatasi ya kwanza mtakayotafuta.